Mume Wangu Anatuongoza Mteremkoni kwa Jicho Moja

Mpendwa Doña Amparo,

Nakuandikia kwa hofu na kwa haraka, nikikuomba unijibu kabla ya Jumapili ya tarehe 25 Agosti, kwa sababu siku hiyo klabu yetu ya baiskeli itapanda barabara kuu hadi Alaska, pale juu kabisa palipopewa jina hilo kwa baridi yake, kisha tutashuka upande wa pili hadi Nahualá, na anayetuongoza kwenye mteremko ni mume wangu, na mume wangu haoni kwa jicho la kushoto.

Hajaniambia. Nimejua mwenyewe, na nitakueleza kwa mpangilio. Nina desturi ya kuandika shajara, kwa hiyo tarehe ninazokupa ni za hakika.

Tunaishi Salcajá. Mume wangu, nitamwita Nery, ni mfumaji wa jaspe, vile vitambaa ambavyo nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kwanza ndipo zifumwe, na ukikosea kidogo tu ua linapinda. Siku zote za wiki yuko kwenye mtambo wa kufumia, ila Jumapili ni ya baiskeli, na mimi hupanda pamoja naye tangu tulipooana. Klabu yetu ina desturi moja ambayo sijaona mtu akiivunja. Wakati wa kupanda kila mtu huenda kwa nguvu zake, lakini tukifika juu tunangojana kwenye kibanda cha mama anayeuza uji wa mahindi, tunavaa makoti, kila mmoja anatia magazeti kifuani chini ya fulana ili upepo usimpasue mapafu, na kuanzia hapo hakuna anayempita kapteni wa mteremko. Yeye hutangulia na kutusomea barabara kwa mikono. Akinyoosha kidole chini kushoto, kuna shimo kushoto. Akiweka kiganja mgongoni, punguza mwendo. Akikunja ngumi, simama. Kila mmoja humwonyesha aliye nyuma yake, mpaka ishara imfikie wa mwisho. Ukungu ukishuka pale juu huoni kitu ila mgongo wa mwenzako, na malori yanapita yakinguruma, kwa hiyo mkono wa kapteni ndio macho yetu sote.

Tarehe 9 Juni tulikuwa tunashuka, mimi nikiwa wa tatu. Nikaona shimo kubwa linakuja upande wa kushoto, nikangoja Nery anyooshe mkono, hakunyoosha, akapita kando yake kwa bahati tu, nami nikapiga kelele, "Shimo kushoto!" na wote wakakwepa. Tulipofika chini watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kapteni, siku hizi umefungiwa honi?" akasema don Tránsito, mkongwe wetu, aliyekuwa kapteni kabla yake.

"Hii honi ya nyumbani," Nery akajibu. "Hata nikioga inaniambia sabuni iko wapi."

"Basi ifunge mbele, si nyuma!"

Nami nilicheka. Lakini kuanzia siku hiyo nilimwomba don Tránsito anipishe nafasi ya pili, nikasema natamani kukaa karibu na mume wangu, wakanitania kama bibi harusi, na tangu hapo kila Jumapili nashuka nikiwa kwenye gurudumu lake la nyuma, nikitazama upande wake wa kushoto, na kila asipoonyesha kitu mimi hupiga kelele. Hakuna aliyeshuku. Wamezoea, wanaona ni mzaha wa mke na mume.

Tarehe 21 Julai kulikuwa na tawi limeanguka kwenye lami. Nery alilikwepa kwa kuingia kushoto bila kugeuza kichwa, na basi la kwenda mji mkuu lilikuwa linatupita wakati huohuo, likapita karibu mpaka upepo wake ukamyumbisha, na utingo aliyekuwa ananing'inia mlangoni akamfokea, "We baba, umechoka kuishi? Nenda kajifie kwenu!" Mimi nilifungua kinywa nipige kelele na sauti haikutoka. Tulipofika Nahualá akawaambia wenzake, "Nilimwona yule dereva, nilikuwa namtania tu." Wakacheka tena. Lakini mimi nilikaa mbele yake mezani, Doña Amparo, nikaona kahawa inamwagika kutoka kikombeni kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa inatetemeka.

Nyumbani nikaanza kumchunguza. Vitambaa anavyofuma, ukingo wa kulia maua yamenyooka, ukingo wa kushoto yamepinda. Bega lake la kushoto lina michubuko ya miimo ya mlango. Juzi nilimwekea mkate upande wa kushoto wa sahani, akala maharage yote, kisha akaniuliza, "Leo hatuna mkate?"

Nikamwambia kwa upole twende kwa daktari wa macho kule mjini Xela, huenda anahitaji miwani. Akaacha kijiko. "Macho yangu yana nini? Unataka unikalishe mlangoni kama mzee wangu?" Baba yake alipofuka akiwa bado na nguvu zake. Nery ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka sokoni, na watoto wenzake wakimwita fimbo ya kipofu. Aliwahi kuniambia, zamani tulipokuwa wachumba, kwamba heri lori limgonge kuliko kuongozwa. Siku hizi neno hilo linanirudia kila ninapomwona anafunga kofia yake.

Sasa Jumapili hiyo mdogo wangu Marleny anakuja kwa mara ya kwanza. Ni mama wa watoto wawili, amenunua baiskeli yake baada ya kuitamani miaka mingi, na Nery amemwahidi, "Wewe kaa nyuma ya dada yako, fuata mikono yangu, hutadhurika." Mvua zimeshika, kila siku ukungu. Usiku naota niko kwenye mteremko na mgongo ulio mbele yangu umetoweka.

Nikimwambia don Tránsito, nitakuwa nimemvua mume wangu nguo hadharani, na ukapteni ndio heshima pekee aliyo nayo nje ya mtambo wake. Nikinyamaza, naogopa kusema kitakachotokea. Au niendelee kukaa nyuma yake na kupiga kelele, maana mpaka sasa nimeweza? Nishauri, lakini tafadhali ficha jina langu.

Mimi,
Gurudumu la Pili, Salcajá, Guatemala


JIBU LA DOÑA AMPARO

Gurudumu la Pili, pole sana. Nimekuhurumia mstari kwa mstari mpaka nilipofika "mpaka sasa nimeweza". Hapo huruma ikanikatikia.

Umeweza nini, mwanangu? Mkono wa kapteni huonyesha shimo kabla halijafika. Kelele yako hutoka shimo likiwa limeshafika. Siku ya basi ulifungua kinywa na sauti haikutoka, umeandika mwenyewe. Je, siku utakapokohoa? Siku utakapomeza mdudu? Wale watu wanadhani wanamfuata kapteni anayeona, na wanadhani hivyo kwa sababu yako. Usingekuwa hodari wa kupiga kelele, wangeshagundua mwezi Juni. Hujamficha mumeo aibu, umewaficha wenzako hatari, na sasa unataka kumpanga mdogo wako kwenye foleni hiyohiyo.

Haya, nimekwisha kugomba. Sasa sikiliza.

Mumeo anajua. Asiyejua hatetemeki mikono mbele ya kahawa. Haogopi lori, anaogopa ule mkono wa mtoto uliomshika baba yake kwenda sokoni, kwa sababu mtoto huyo alikuwa yeye. Ukimfuata na neno "kipofu" utampoteza. Nimemuuliza daktari wa macho hapa mjini bila kumtajia mtu. Amekataa kubahatisha ugonjwa wa mtu asiyemwona, na amefanya vyema, ila amenieleza hivi: kuna presha ya macho, hurithiwa, huja kimyakimya bila maumivu, na ikishachukua sehemu ya jicho hairudishi. Lakini ikiwahiwa, kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Umesikia? Kilichobaki. Mzee wake hakupata matone. Yeye bado ana jicho la kulia, na kila Jumapili mnayoipoteza kwa kutaniana huenda ndiyo inayolila. Nawe unaniletea habari za heshima!

Leo, si kesho, baada ya chakula, nenda ukae naye kwenye mtambo wake, si karibu na baiskeli. Mkunjulie kitambaa, ukingo wa kulia na ukingo wa kushoto. Mfumaji hawezi kubishana na kitambaa chake. Kisha mwambie: "Nimekaa nyuma yako tangu Juni. Najua." Unyamaze hapo. Akigomba, mwache agombe. Akilia, usimpanguse, ataona haya. Asubuhi mwende kwa daktari pamoja, na njiani utembee kushoto kwake, bila kumshika mkono.

Ukapteni aurudishe yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa don Tránsito. Mtu anayekabidhi kitu hajavuliwa nguo. Mpe mpaka Jumamosi jioni. Jua likizama hajaenda, nenda wewe kwa don Tránsito, useme maneno mawili, jicho na lile basi la Julai, urudi nyumbani. Atakununia, pengine atalala ameuelekea ukuta majuma kadhaa. Ukuta ni jirani mwema kuliko kaburi. Na barabara kuu asiipande kabisa mpaka daktari aseme ndiyo. Marleny naye mwambie ukweli wote, kwa sababu watoto wake watakuwa wanamngoja nyumbani, na wao hawajui desturi za klabu yenu.

Sasa nakujua, utaniambia: nikishindwa yote hayo je? Moyo ukinikwama, Jumapili ikafika, tukawa tumesimama pale juu kwenye kibanda cha uji, naye anafunga koti na kuniomba gazeti la kutia kifuani?

Gazeti letu hutoka Ijumaa. Uwe nalo. Usimpe kurasa za michezo, mpe ukurasa huu. Mvute kando, ukungu utawasitiri. Mwambie afunike jicho la kulia kwa kiganja na akusomee mstari huu wa mwisho kwa sauti. Akiusoma, mteremke, nami juma lijalo nitaandika hapahapa kwamba Amparo ni mzushi. Asipousoma usiseme neno lolote: simama kushoto kwake, ungoje akunje ngumi.