Mvua ya Uani kwa Baba

Lizaboni, Songea
9 Novemba 2024

Baba, shikamoo.

Kuna sauti moja imenifuata hadi mjini: misumari ikinyofolewa kwenye bati la nyumba ya Nasma kule mlimani. Kila msumari ulipiga ukelele mfupi, kisha bati likatetemeka. Samahani, nimeanza na hilo kabla ya kuwajulia hali. Mguu wa mama umepata nafuu? Mimi ni mzima wa mwili.

Lukresia, mwenzangu wa kazini kwenye upimaji wa maji, alikuuliza kelele zile ni za nini, nawe mwenyekiti wa kamati ya maji ukamjibu, "Tunaitibu chemchemi, mama. Mgonjwa lazima apige kelele." Watu wakacheka. Mimi niliinamia chupa zangu, uso unawaka.

Yule ni mjane, Baba. Alitoka Mbesa na wanawe, akalima mahali pasipokuwa na mtu. Unasema chemchemi inapungua kwa sababu amelima kule inakoanzia. Huenda ni kweli. Lakini hatujui, na tayari mmemfukuza, hana paa.

Nataka tujue. Wingu likipanda mlima hutangulia kuangusha maji yaliyo mazito, kwa hiyo mvua ya kileleni huwa nyepesi kidogo kuliko ya chini. Ulimi hauitambui tofauti hiyo, mashine huitambua. Nimeweka chupa moja ya kukinga mvua mlimani, na nyingine hapo uani. Mwisho wa masika nitalinganisha mvua zote mbili na maji ya chemchemi. Mafuta yanayoelea ndani ya chupa huzuia jua lisinyonye maji. Tafadhali usiyamwage.

Binti yako,
Ekaristia

Lihangweni, njia ya Mpitimbi
26 Januari 2025

Mwanangu Ekaristia,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Mguu wa mama yako umepona, na ulimi wake haujawahi kuugua.

Chupa yako naichunga kuliko mbuzi. Juzi bata alitaka kuchungulia, nikamfukuza hadi kwa jirani Thadei. Mama yako anawaambia majirani kwamba nimeoa mke wa pili, wa plastiki, anayelala nje mvua ikinyesha.

Kuhusu yule mama, usijiumize. Mkutano mzima uliamua. Maji yetu yanatoka mlimani, hata babu yako alisema hivyo. Mashine yako itasema lilelile, nawe utalisoma mbele ya kijiji. Siku hiyo nitakaa mbele kabisa na koti langu la harusi, hata kama kuna joto.

Baba yako,
Gaspari

Lizaboni, Songea
14 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini mahindi yote yameingia ghalani. Umeniuliza kwa simu mara nyingi mbona nimenyamaza. Majibu yalikuwa yamerudi, nami nilikaa nayo.

Maji ya chemchemi hayafanani na mvua ya mlimani. Yanafanana na ile uliyoikinga wewe, uani kwako. Tena ni maji machanga. Mvua hubeba kutoka angani chembe ambazo zikishazama ardhini hupungua mwaka hadi mwaka, na kiasi kilichobaki kinaonyesha kwamba haya ni ya mvua za miaka michache tu. Pia yana chumvi za mbolea. Nasma hakuwahi kutia mbolea, hakuwa na uwezo huo.

Vipimo vinasema maji yanatoka wapi. Havisemi nani anayanywa. Lakini kati ya uani kwetu na chemchemi, kila tone linapita chini ya mikaratusi yako, nasi wote tunajua mikaratusi inavyokunywa.

Naona aibu kwa ajili yako, Baba. Kisha naona aibu kwamba mtoto anamwonea babaye aibu.

Binti yako,
Ekaristia

Lihangweni
25 Agosti 2025

Mwanangu,

Tu wazima.

Mikaratusi hiyo ndiyo ada yako tangu sekondari hadi chuo kikuu. Sikuambii ili unirudishie kitu. Nakuambia ili ujue unachokitaja mbele za watu.

Hapa kijijini mtu akiaibika kwenye mkutano anaaibika hadi kanisani. Fransisko anakitamani kiti changu waziwazi, akinisalimia anakisalimia nacho. Ninyi wataalamu huziita chemchemi kwa namba. Yetu nayo iwe namba. Mkutanoni usije, sema gari limeharibika. Mikaratusi nitaikata kidogo kidogo bila kelele, maji yatarudi, na hakuna atakayeumia. Nasma yuko kwa ndugu zake, ameshazoea.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Baba yako

Lizaboni, Songea
3 Septemba 2025

Baba, shikamoo. Msalimie sana mama.

Shauri lako lilinipendeza, na hapo ndipo aibu iliponishika kweli. Nilifuta jina la chemchemi yetu kwenye ripoti, nikaweka namba. Ripoti ikasomeka vizuri kabisa. Ndani yake hakukuwa na mtu yeyote aliyekosewa.

Juzi nikapanda basi hadi Mbesa. Nilimkuta Nasma akipalilia chini ya mikorosho ya kaka yake. Hakusimama.

"Binti wa mwenyekiti," akasema, "umekuja kung'oa na hili paa la kaka?"

Nikamweleza yote, mlima, mvua, mikaratusi. Alisikiliza huku akipalilia. Nilipomaliza aliuliza, "Hayo umeyasema kijijini?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi najua sikukausha maji. Hapa hakuna aliyenishtaki. Kayasemee huko waliponisema."

Hakunikaribisha hata kigoda, nami sikustahili. Wanawe walikuwa wakinitazama mlangoni. Huko kijijini, Baba, watoto wale wanaitwa wakausha chemchemi. Ukiikata mikaratusi kimyakimya, maji yatarudi, lakini jina hilo litabaki.

Nimelirudisha jina la chemchemi. Leo asubuhi nilikuwa Lihangweni. Nilipita njia ya nyuma, ya mashamba ya tumbaku, nisije nikawaona wewe na mama, nikamkabidhi mtendaji wa kijiji majibu yote. Mikaratusi imo na mwenye mikaratusi yumo. Chini nimesaini jina langu kamili, ambalo nusu yake ni lako. Jumamosi nitayasoma mimi mwenyewe mkutanoni.

Nimeyapeleka kwanza, ndipo nakuandikia. Ningekuandikia kwanza, ningesubiri ruhusa yako.

Binti yako,
Ekaristia