Chumba Kisicho na Dirisha

Tarehe 4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo wewe, hajambo mkwe wangu, hawajambo wajukuu zangu watatu? Sisi huku wazima. Nasema sisi kana kwamba tuko wengi, kumbe ni mimi na paka. Goti langu la kushoto bado linajua mvua kuliko redio, lakini silalamiki.

Barua yako imefika pamoja na kile kijitabu cha picha za meli. Nilikipeleka kwa jirani yangu fundi cherehani, tukakifungua juu ya meza yake ya kukatia, ukurasa mmoja mmoja. Akasema, "Mama, hii si meli. Huu ni mtaa mzima umeangukia majini." Nimefurahi mno mumeo kukumbukwa kazini. Miaka yote anatengeneza lifti za watu, leo kampuni imempa safari ya familia nzima, nanyi mkasema Bibi naye aje. Nililia kidogo. Fundi akanipa kitambaa nifute machozi, kumbe kina pini.

Sasa mwanangu, nisikilize. Ule ukurasa ulioutia alama ya kalamu, wa vyumba vyenye roshani. Umesema tuko sita, chumba kimoja hakichukui zaidi ya wanne, na sharti kila chumba kiwe na mtu mzima. Nyinyi na mtoto mchanga huku, mimi na dada mtu na Kima kule. Sawa. Lakini Kima! Mtoto wa miaka minne aliyekuja kwangu mara ya mwisho akapanda juu ya kabati la vyombo, akakaa huko analamba sukari huku sisi tunamtafuta uvunguni. Huyo ndiye unataka kumpa roshani juu ya bahari? Mimi nikisinzia kidogo tu, je?

Naomba chumba cha ndani kabisa, kile kisicho na dirisha. Asiwe na pa kupandia.

Simu yangu kioo kimekufa, ndiyo maana naandika. Hata hivyo karatasi ni nzuri, hainikatizi.

Ni mimi mama yako.


Tarehe 15 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa mtoto mchanga anaota meno na nyumba nzima haina amani. Pole na goti.

Mama, umenitia hofu wewe! Vyuma vya roshani vinafika kifuani kwa Baba Kima, na chini yake ni kioo kitupu, hakuna pa kukanyaga. Ndivyo nilivyotaka kukujibu. Kabla sijaandika nikamwita Kima, nikamwonyesha mgongo wa kochi, nikauliza, "Hapa unaweza kupanda?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Akaenda kuchukua kiti, juu ya kiti akaweka ndoo, na juu ya ndoo akasimama mwenyewe. Roshani nimeifuta.

Wakala ametuonyesha vyumba viwili vya ndani vyenye mlango katikati. Kusema kweli ni milango miwili iliyopeana migongo, kila mmoja na komeo lake upande wake; nyinyi mfungue wenu, sisi tufungue wetu, ndipo tuonane. Watoto watalala kitanda cha ghorofa, Kima chini, dada yake juu. Wewe kitanda chako peke yako.

Ila Mama, hakuna dirisha kabisa. Ukizima taa ni kama kuingia ndani ya chungu. Na mlango wa korido ni mzito, unajifunga wenyewe kwa ajili ya moto. Utaweza? Wakala anataka jibu kabla Machi haijaisha.

Mwanao.


Tarehe 24 Februari

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia mnaendelea. Mtoto msugulie ufizi kwa kitambaa safi chenye maji baridi, usimpe vitu vya dukani.

Unaniuliza nitaweza? Nitaweza nini tena? Chumba ni chumba. Mimi nimelala mahali pengi.

Nauliza tu, kwa ajili ya watoto. Hewa inaingilia wapi? Isije ikawa wanategemea upenyo wa mlango. Na umeme ukikatika humo melini, nani anakuja kufungua, na anakuja upesi au mpaka amalize chai yake? Mtu akigonga kwa ndani, wa nje wanasikia? Mlango huo mzito ukiwekewa ndala chini, unakaa wazi, au unaisukuma ndala? Na lile komeo la mlango wa kati, usiku mtakuwa mmefungua upande wenu, au mtajisahau?

Usinielewe vibaya. Ni kwa ajili ya watoto.

Fundi cherehani anakusalimu. Ananishonea gauni la safari, lenye mifuko, maana nimemwambia baharini sibebi pochi.

Mama yako.


Tarehe 7 Machi

Mama,

Shikamoo. Jino limetoka! Sasa anauma kila kitu, hata mimi.

Nimecheka na maswali yako, nikamsomea Baba Kima, naye ndiye mwenye majibu maana vitu vya kujifunga ndiyo kazi yake. Hewa inatoka kwenye matundu darini. Umeme ukikatika kuna mashine nyingine inawaka yenyewe. Ndala hairuhusiwi; mfanyakazi wa korido akipita ataiondoa. Anasema, "Mwambie Mama chumba kile ni kama lifti kubwa yenye vitanda, atapenda."

Basi Mama, sema ndiyo nilipie vyumba. Watoto wanahesabu siku. Dada mtu anaulizia kama Bibi atavaa nguo ya kuogelea.

Mwanao.


Tarehe 21 Machi

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Simu yako inaita hewani tu. Jana nimempigia fundi cherehani, nikauliza, "Mama mzima?" Akaanza kucheka, kisha akasema, "Mzima, lakini muulize mwenyewe, mimi kazi yangu ilikuwa kung'oa bawaba tu." Bawaba za nini? Ndipo akakata simu, eti ana mteja.

Mama, wakala amenipigia leo. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mwanao.


Tarehe 26 Machi

Mwanangu mpenzi,

Nisamehe kwa kukutia wasiwasi. Mimi mzima, nakula, natembea. Mlango wa stoo ndio haupo.

Nikueleze mwanzo. Unaikumbuka stoo ya nyuma, tunakoweka majembe na magunia? Haina dirisha. Nilipopata barua yako ya kwanza ya vyumba vya ndani nikajiambia, kwa nini nisizoee mapema? Mtu anajifunza kuendesha baiskeli uzeeni, sembuse kulala. Nikafagia, nikatandika godoro. Mchana nikimaliza kazi najilaza humo kidogo. Siku ya kwanza mlango wazi kabisa. Halafu nusu. Halafu nikaweka ndala. Nilijiona nafanya vizuri, nikamsifu mwanafunzi mimi mwenyewe.

Siku ile nikasema leo nafunga. Mvua ilikuwa imenyesha, mbao zimevimba, mimi sikulijua hilo. Nikavuta mlango, ukaingia mahali pake kama kizibo. Nikalala, nikahesabu pumzi, nikasema mbona si kitu. Nikainuka kufungua. Wapi! Ukagoma.

Mwanangu, sitaki kukuelezea sana. Nilipiga kelele nikasahau hata jina la ninayemwita. Fundi cherehani alinisikia kwa sababu siku hiyo umeme ulikatika na cherehani yake ya mota ilinyamaza. Alikuja na bisibisi, akang'oa bawaba huku akiniimbia kama unavyomwimbia mtoto. Nilipotoka niliketi chini uani hadi nguo ikalowa tope. Sikuandika kwa sababu ya aibu.

Unajua nilivyokuwa nikipanda ngazi kule ofisini nilikofagia, ghorofa zote zile, na watu nikiwaambia ngazi ni dawa ya magoti. Ngazi ndizo zilizoyaua magoti haya. Siku moja umeme ulikatika nikiwa ndani ya lifti na ndoo yangu, na waliobaki jengoni hakuna aliyenisikia mpaka walinzi walipobadilishana zamu. Tangu hapo siwezi kufungiwa. Wewe ulikuwa mdogo, ningekuambia ili iweje? Halafu ukaja kuolewa na fundi lifti. Mungu naye ana utani wake.

Kwa hiyo chukueni vyumba vya ndani, watoto wawe salama. Wifi yako mkubwa aende badala yangu. Kima asipewe roshani kwa ajili ya bibi yake. Mimi mtaniletea picha.

Gauni nimelipokea. Lina mifuko minne. Nitavaa sokoni.

Mama yako.


Tarehe 5 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Nimeisoma barua yako nikiwa jikoni, maziwa yakamwagika yote. Mama, miaka yote ile ndala yako ilikuwa mlangoni! Nilidhani akina mama wote hulala hivyo. Nilipoolewa, siku za kwanza niliweka ndala mlangoni, Baba Kima akauliza tunamsubiri nani. Hata barua zako, ndala umeitaja mimi nikacheka. Ningelikuwa mtu wa akili ningelijua.

Nilimpa Baba Kima asome. Ile habari ya "lifti kubwa yenye vitanda" imemchoma. Baadaye akasema, "Lakini nani aliamua kwamba mimi na wewe lazima tulale chumba kimoja?" Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akasema, "Imeandikwa wapi? Sharti ni mtu mzima kila chumba. Mimi si mtu mzima?"

Basi Mama, hukai nyumbani. Tumechagua hivi. Chumba kimoja kina dirisha kubwa la kioo, halifunguki, limeshikwa na ukuta, lakini unaona bahari na mwanga unaingia. Humo ni wewe, mimi, dada mtu na mtoto mchanga. Ng'ambo ya korido, mlango ukitazama mlango, chumba cha ndani kisicho na dirisha wala pa kupanda. Humo ni Baba Kima na Kima. Anasema yeye amefanya kazi ndani ya masanduku maisha yake yote, hatapoteza kitu. Wakala tumeshamlipa, usianze.

Mwanao.


Tarehe 13 Aprili

Mwanangu,

Wote hamjambo? Mimi sijui nina hali gani.

Nitawatenganishaje mke na mume? Watu watasema mama mkwe kaja melini kulala na binti yake, mkwe kamtupa ng'ambo ya korido! Sikupendekeza hilo kwa sababu si jambo la mama kulisema. Ningekufa kabla ya kulitamka.

Nimemwuliza fundi cherehani kama ni aibu. Akasema, "Mama, umelipiwa. Aibu ni kutokwenda." Basi nakuja. Lakini mwambie mkwe wangu kila siku mchana nitakaa na watoto, nyinyi mkatembee mpate kuongea kama watu. Na Kima afungwe kamba za viatu mafundo mawili, zinampunguza mwendo.

Nina hofu ya bahari pia, ila hiyo tutaifikia tukifika.

Mama yako.


Melini, tarehe 19 Agosti, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu,

Ukirudi chumbani na mtoto usiponiona dirishani usipige kelele. Naandika juu ya kile kikaratasi cha ratiba ya michezo, nitakisukuma chini ya mlango, mkwe wangu akipita akuletee.

Yeye na Kima wametapika tangu bahari ianze kuyumba. Fundi lifti mzima, apandishwaye na kushushwa kila siku, leo rangi imekuwa ya karatasi! Nesi amesema aende juu apate hewa, nami nimemfukuza aende. Dada mtu yuko chumba cha michezo, salama, nimemwona. Kima hataki nesi. Anaita Bibi. Nilisimama koridoni mlangoni, namsikia anaita, nikavua ndala moja.

Niliweka ndala. Mfanyakazi wa korido akaja akaniambia kwa adabu, "Bibi, samahani, hairuhusiwi." Halafu Kima, na kichefuchefu chake chote, akashuka kitandani akakimbilia huo mwanya. Mgonjwa lakini bado ni Kima. Nikamkamata kwa kaptula.

Kwa hiyo nimeingia, na mlango nimeufunga mwenyewe. Kama utaona mwandiko umepinda ndiyo hivyo, mkono mmoja ameushika yeye. Taa nimewasha zote. Hewa inatoka darini, nimeweka kiganja nikaisikia, mkwe wangu hakudanganya. Ana joto kidogo, si la kutisha. Namwimbia ule wimbo wa fundi cherehani wa kung'oa bawaba, naye anasinzia.

Sijui nitaweza kwa muda gani. Lakini sasa hivi naweza.

Usije kufungua, utamwamsha. Ukipita gonga tu, taratibu, nijue upo.

Mama yako.