Neno Ulilomtumia Amina

Mama yangu,

Nnakuandikia hapa jikoni kwetu Kikwajuni, kwenye meza yako. Nimeshindwa kukwambia haya kwa sala, maana kwenye sala nshazoea kupamba maneno.

Vitambaa vya altare sasa nafua mimi. Navipiga pasi kama ulivyonifundisha, upande wa ndani kwanza, na kanisani wananisifu. Mwezi uliopita kina mama walinitaka nifundishe darasa la ubatizo mahali pako. Mwenyekiti wao akasema mbele ya wote, "Huyu ana moyo safi kama mama yake." Nikashukuru.

Mama, nilikudanganya.

Wiki yako ya mwisho ulikuwa ukinishika mkono, ukisema nikuitie mdogo wangu kutoka Jambiani. Nikakujibu, "Simu yake haipatikani, Mama." Siku nne nilikujibu hivyo. Sikumpigia hata mara moja. Ulikufa ukitazama mlango.

Ningeweza kusema nilikuwa nalinda imani yetu. Tangu mdogo wangu Anjela aolewe na Makame, akasilimu na kuitwa Amina, jina hilo jipya halikutajwa nyumbani kwetu. Wewe mwenyewe uliendelea kumwita Anjela, tena kwa uchungu. Lakini haikuwa dini, Mama. Ulikuwa wivu. Miezi saba nilikuogesha, nikakugeuza kitandani, nikakunywesha uji kwa kijiko, halafu ukawa unamtaka yeye.

Alikuja mazikoni, akasimama nyuma ya watu wote. Walipotawanyika akanisogelea.

"Dada, Mama alisema chochote juu yangu?"

Nikamwambia, "Hakusema kitu."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mpaka leo nauona mgongo wake.

Mwaka mzima nimekuwa nikiomba hekima. Wewe ulikuwa ukisimama mlangoni kila asubuhi, kanga mabegani, unasema, "Bwana, nipe hekima ya leo tu," kisha unakwenda kazini. Mimi niliomba kwa maneno marefu, nikafunga, nikasoma. Siku ile ya sifa za kina mama nilipiga magoti nikaanza tena, "Bwana, nipe hekima..." Nikainuka. Nilikuwa najua la kufanya. Nimelijua tangu mazikoni. Nilikuwa naomba hekima ili nisiende kuomba msamaha.

Kesho yake nikaenda Jambiani.

Nilimkuta uani anaanika mwani. Makame alinipokea vizuri, "Karibu, shemeji," kisha akanitazama usoni, akawachukua watoto wakatoka. Nikasimama palepale na mkoba wangu, nikasema yote. Amina hakuacha kazi. Alitandaza mwani ule mpaka ukaisha.

"Aliniita?"

"Kila siku."

"Mimi mwaka huu wote nnajua mama yangu kafa kanikataa." Akajifuta uso kwa mkono wenye chumvi. "Nenda, Dada. Leo siwezi kukutazama."

Nikaenda. Jumapili niliwaeleza kina mama kwamba darasa siwezi kulishika kwa sasa, na sababu yake. Hakuna aliyenitukana. Mwenyekiti alinishika bega, akakaa nami, na hilo likaniuma kuliko matusi.

Wiki mbili zikapita, simu ikalia. Alikuwa Amina, hata salamu hakunipa.

"Alinitaja kwa jina gani?"

Mama, hapo nilitaka kuficha tena, maana hilo ndilo lililonichoma kuliko yote wiki ile. Nikakaa sakafuni. "Alisema, 'Niitie Amina.' Jina la Anjela hakulitamka hata mara moja."

Nikamsikia analia, analia kama mtoto mdogo, nami nikalia naye, na hakuna aliyekata simu.

Jumamosi alikuja. Tukaenda pamoja kaburini kwako Mwanakwerekwe, tukang'oa magugu. Mimi nilisali. Yeye alichutama, kiganja chake juu ya udongo. Hajaniambia kwamba amenisamehe. Aliniambia tu, "Dada, sogea, hapo umeacha jani." Nikasogea.

Moyo wangu bado si safi, Mama. Ila sasa naweza kuutazama ulivyo, na kumwonyesha Mungu bila kuufunika. Nawe nisamehe. Ulidhani mwanao hakutaka kuja, na mimi ndiye niliyekufanya udhani hivyo.

Pumzika kwa Bwana, mama yangu. Nakuahidi nitakwenda Jambiani kila mwezi, anifungulie mlango au asinifungulie. Na kila atakaponiuliza juu yako, nitamwambia ulivyosema, neno kwa neno, hata lile litakaloniumiza mimi.

Mwanao,
Kristina