Mwanamke wa Cherehani

Kwa mke wangu mdogo,

Mimi babu yako mzima, ila goti linanuna kukiwa na baridi. Mama yako amenisomea hadithi yako iliyoshinda shindano la wanafunzi pale makumbusho. Hongera, ingawa umesema uongo. Eti yule mwanamke kwenye picha ya kuchorwa mliyopewa muitungie hadithi, mwenye cherehani na kovu kidevuni, amebana midomo kwa uchungu wa kuachwa. Nao makumbusho wamembandika "Mwanamke asiyejulikana". Asiyejulikana na nani? Mimi nilimjua hadi alivyokoroma. Ni marehemu bibi yako, mke mwenzio ambaye hukumkuta. Mchoraji alikuwa mpangaji mwenzetu, akamwambia atulie. Mimi nikasimama dirishani namkunjia uso kama nyani aliyeuma ndimu. Alikuwa anazuia kicheko, mjukuu wangu.

Picha yake nyingine hatuna. Daktari naye anasema macho yangu hayamalizi mwaka. Basi njoo Jumamosi, unishike mkono, unisimamishe mbele yake. Nitamkunjia uso uleule, tuone kama safari hii atavumilia.

Ni mimi, mumeo mwenye meno matatu.