Minga ya Maneno

Cañar, Jumanne asubuhi

Dada yangu mpendwa Tránsito,

Natumaini barua pepe hii itakukuta umekaa, si umesimama mbele ya ule mkanda wa malimau wa kiwandani, na kwamba magoti yamepata nafuu tangu joto la huko lilipopungua. Shemeji hajambo? Na mwanao Joel bado anazikataa dengu? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, na wiki hii nimecheka peke yangu jikoni mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini. Mama hajambo, isipokuwa lile jicho. Kwa kusema yuko vilevile: anadai huko Murcia mnakula mkate mwingi mno, na anakusalimu sana.

Najua ulinipigia Jumapili na jana, nami sikupokea. Usinikasirikie. Nina habari ndefu, na kwa simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, maana wewe ni dada mkubwa na ndivyo mlivyo. Ila ile tiketi uliyosema utaninunulia, tafadhali usiinunue mpaka umalize kusoma.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Tangu mume wangu Efraín afariki nimekuwa nikiendesha peke yangu kile chumba chetu cha kutengeneza tovuti, na kila mwezi nasema mwezi ujao nafunga. Wewe ukasema njoo, kitanda kipo, kazi ipo. Nikakujibu kwamba nitakuja, lakini siwezi kuwaacha wateja wa marehemu hivihivi. Lazima kwanza niwapatie wa kuwatunza. Sasa mteja aliyebaki mkubwa kuliko wote ni watu wetu wenyewe, jumuiya ya Quilluloma. Wanataka tovuti ambayo ninyi mlioko nje mtasoma zamu za maji, misiba, na nani kapewa kuandaa sikukuu, badala ya kusikiliza zile sauti anazowatumia mwenyekiti wetu mzee, taita Belisario, dakika saba nzima na jogoo wake akiwika nyuma.

Hapa inabidi nikueleze kidogo kazi yetu, maana miaka yote umekuwa ukisema Efraín na mimi tunacheza kompyuta. Mteja akitaka tovuti, jambo la kwanza ni kumchagulia mfumo wa kuiendesha. Ni kama mlango wa nyuma: mwenye tovuti anaingilia hapo, anaandika habari zake, anaweka picha, bila kuniita mimi. Kuna mifumo ya kampuni. Unalipia kila mwezi, wao wanautunza, kukitokea hitilafu unawapigia simu. Lakini hiyo ni nyumba ya kupanga, na siku ya kuhama utaacha vitu vingi ndani. Halafu kuna mifumo huria. Hiyo wameiandika watu wa nchi mbalimbali na kuiweka wazi. Unauchukua mfumo, unaubadilisha upendavyo, unahama nao. Ila hakuna wa kumpigia simu, na usipoutunza unachakaa na wezi wa mtandaoni wanaijua njia ya kuingia.

Efraín hakuwa shabiki wa upande wowote. Alikuwa akimsikiliza mteja huku anamumunya kipande cha panela, ile sukari guru yetu (mpaka leo herufi moja ya kompyuta yake inanata, sijaisafisha), kisha anamuuliza swali moja tu, kwamba nani ataingia humu kila Jumatatu asubuhi. Yule daktari wa meno wa Azogues alijibu hakuna, akapewa mfumo wa kampuni. Mama wa kofia za majani alijibu mimi na binti zangu, akapewa mfumo huria. Hakuna aliyejuta.

Basi mwezi uliopita akaja kijana mmoja kutoka Cuenca, Iván, wakala wa kampuni inayouza mfumo wa namna hiyo ya kwanza. Kijana mpole, mwenye adabu. Akaniambia kwamba wateja wangu wadogo peke yao hawamtoshi, lakini Quilluloma wakichukua mfumo wa kampuni yake, atawachukua na wengine wote, atawafundisha na kupokea simu zao. Nilivyosikia hivyo nilikaribia kumbusu. Mambo yote yakabaki mikononi mwa mkutano wa jumuiya. Wakichagua wa kampuni, nafunga chumba kwa moyo mweupe na Krismasi nakula kwako. Wakichagua huria, atatakiwa mtu wa kuutunza, na mtu huyo hakuwepo.

Mkutano ulikuwa Jumapili, ukumbini, baada ya minga ya kuzibua mfereji, kazi ya pamoja ya kila nyumba na koleo lake. Nilienda mimi kwa niaba ya nyumba ya Mama. Iván naye alikuja na viatu vyeupe, akidhani atatazama. Kabla hajamaliza kusalimia alikuwa ameshapewa koleo. Wanawake walimtania kwamba anachimba kama anayekoroga uji, naye akacheka nao, na malengelenge yake akayaonyesha kama medali. Chakula kilipotandikwa chini juu ya shuka la wote walioshika koleo, mahindi, viazi, maharage na ile pilipili ya mama Petrona, akatunukiwa kichwa cha simbilisi wa kuchoma, heshima ya mgeni. Alikila chote, macho amefumba. Nikajiambia, kwisha, wameshampenda.

Yeye ndiye aliyesema kwanza, na alisema vizuri. Ilipofika zamu yangu, nikaueleza mfumo wake kwa haki, nikataja na ile habari ya nyumba ya kupanga. Halafu nikasema kwamba huo wa pili ni wa bure. Hakuna wa kumlipa wala wa kumwomba, mnachukua tu.

Daktari wa meno angepiga makofi. Kule Quilluloma watu wakaanza kubandua matope mikononi. Taita Belisario akaanza kuikagua kofia yake kana kwamba kaiokota. Ndipo akasimama mama Petrona, unamjua, matope bado mpaka magotini.

“Balbina, binti yangu, hao waliotengeneza hicho kitu ni watu au malaika?”

Nikamjibu kwamba ni watu.

“Walitoka jasho?”

Nikasema ndiyo, kwa namna yao.

“Basi unatuambia tukakae kula kwenye shuka la watu ambao hatukushika nao koleo. Wewe umelelewa hapa, au mjini wamekusahaulisha?”

Watu wakacheka, lakini si kwa raha. Mmoja wa nyuma akasema heri kumlipa huyu kijana, mtu akilipa hadaiwi shukrani. Mwingine akaongeza kwamba tangu zamani watu wa bonde la pili wanatuita wavivu, sasa tuwape na ushahidi. Vichwa vikaitikia benchi moja baada ya jingine. Iván akaanza kutoa karatasi zake mkobani, taratibu, kwa adabu. Mambo yalikuwa yamekwisha, dada. Kilichobaki ni mimi kukaa.

Nikakaa. Kisha nikajikuta nimesimama tena na sijui nani aliyeniinua. Nikasema nimeeleza vibaya. Nikasema wale watu hawachukui tu, wanapeana siku. Mmoja anatengeneza palipovunjika, mwingine anaandika maelezo, mwingine anakagua kazi ya mwenzake, na wengi hawajawahi kuonana. Mama Petrona akauliza kama mimi nimewahi kumwona hata mmoja, au nasimulia ya kusikia.

“Mmoja hata ninyi mnamjua,” nikasema. “Ni Efraín.”

Sikuwahi kumwambia mtu, hata wewe, kwa sababu nilidhani ni jambo la nyumbani kwetu tu. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa akiutolea mfumo ule muda wake. Zamani picha zilizopigwa kwa simu zilikuwa zikiingia zimelala ubavu, harusi nzima inaonekana kama watu wameanguka. Yeye ndiye aliyetafuta kosa lilipo, siku nyingi, akalirekebisha na kuwatumia marekebisho. Mwanamke mmoja wa Finland akayakagua na kumwandikia asante. Alinisomea ile asante huku amesimama, taulo begani. Tangu siku hiyo picha za watu wa dunia nzima zinasimama wima, na mimi nikamwambia haya, njoo unywe chai inapoa.

Niliwaeleza hayo yote. Unakumbuka walivyokuwa wakimcheka kwenye minga, mtu wa pwani, koleo analishika kama ufagio. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Petrona akajifuta mikono kwenye sketi.

“Kumbe ni minga,” alisema. “Ungesema minga tangu mwanzo, unatuchosha na bure, bure.” Kisha akawageukia watu. “Marehemu kashafanya siku zake. Yetu sisi ni ipi?”

Kama ungeuona ukumbi ule! Wote walitaka kujua kwa wakati mmoja kazi gani imebaki. Nikawaambia kwamba hakuna kati yetu anayejua kuandika programu, lakini iko kazi moja imeachwa njiani. Mfumo ule unasema lugha nyingi, ila ukiufungua kwa Kichwa, lugha yetu ya nyumbani, nusu ya maneno yake bado ni ya Kihispania, maana walioanza kutafsiri walikuwa wachache na wakachoka. Sikumaliza. Vijana wakaanza kupiga kelele za maneno, wazee wakawasahihisha, na watu wawili wakataka kugombana juu ya namna ya kusema “tafuta”. Taita Belisario yeye alikuwa na shida yake: minga isiyo na koleo atajuaje nani kafika? Akaamua kila mtu aje na koleo lake hivyohivyo. Mama Petrona akasema atakayechelewa atapewa neno ambalo kila mtu amelikimbia.

Iván aliuliza swali moja tu, wala si kwa uchungu. Nani atautunza? Alikuwa na haki, ndilo swali lilelile la Efraín. Katibu wetu, Luz Elvira, akanyoosha mkono, akasema Jumatatu asubuhi ataingia yeye, lakini mtu amfundishe, na akikwama awe na wa kumgongea mlango. Ukumbi mzima ukanigeukia.

“Mimi nipo,” nikasema.

Hayo ndiyo maneno niliyoshindwa kukuambia kwa simu. Siji, dada. Nimesema mbele ya watu wote na sikusema kwa kuona haya.

Na liko jambo jingine, ambalo nakuambia wewe tu. Ule mkutano niliuendea ili nishindwe. Ile “bure” haikunitoka kwa bahati mbaya. Mimi ni mtoto wa pale, nilijua kabisa watu wetu wakisikia bure watafunga mioyo, na nililichagua neno hilo nyumbani, nikilipima kama chumvi. Nilitaka wamchague Iván ili niondoke bila mtu kunilaumu. Nilikuwa nimekudanganya na wewe pia kwamba nawajali wateja. Niliyekuwa nikimkimbia ni Efraín, kile kiti chake na kile kimya cha saa ya chai. Lakini nilipowasikia wanawakataa wale watu wasio na jina, nikaona wanamkataa yeye, na mimi ndiye niliyewafundisha kumkataa. Sikuweza, dada. Nilipolitaja jina lake mle ndani, kwa mara ya kwanza tangu tumzike halikuniuma. Lilinifurahisha. Mpaka leo natembea barabarani nalitaja.

Usilie, na kitanda mpe Joel. Wateja wengine Iván atawachukua wale wanaomfaa, tumeshazungumza, akianza na daktari wa meno aliyekuwa tayari kwenye mfumo wa aina yake. Aliniaga vizuri na kuuliza kama mtu wa Cuenca anaruhusiwa kuja siku ya maneno. Nikamwambia alete koleo.

Nawe utanisaidia. Miaka yote tangu uondoke, minga ikiitwa umekuwa ukimtuma binamu Rufino akushikie nafasi, naye anafika, anachimba, na jina lako linawekwa alama. Kwa minga ya maneno, Jumapili hii inayokuja, Rufino alijitolea tena, mama Petrona akamkatalia mbele ya watu. Akasema Kichwa anachokisema Rufino ni cha kuitia kuku. Akasema aliyelelewa na bibi na kulala kitanda kimoja naye mpaka akaolewa ni Tránsito, na maneno mazuri yote yameenda Murcia. Tutaanza saa tatu asubuhi, ambayo kwako ni alasiri, na simu itakuwa juu ya meza katikati ya ukumbi. Safari hii wanakungoja wewe mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mpe Joel busu la shavuni hata akilikwepa, na majirani zako wa Loja waambie nimewakumbuka. Mama anasema uvae kitu magotini. Jirani zetu wote wa hapa wanakusalimu, nami nakukumbatia kwa nguvu za mikono yangu yote miwili.

Mdogo wako akupendaye,
Balbina