Ziwa Iko Nyuma Yako

Yaya Zaina wa Baraka, dada yangu mukubwa, nakusalimia toka milima ya Fizi. Baridi inanigonganisha meno, lakini usiambie mutu.

Asubuhi moniteri, mwalimu anayetuongoza huku milimani, alituambia sisi vijana tuangalie mito midogo inatelemukia wapi, tujue ziwa iko upande gani. Mwenye kukosa atabeba sufuria kubwa. Mi, niliyevuka ziwa mpaka Kigoma, niulize mito? Nikaonyesha weupe kule chini: "Ziwa ile pale, na kile kilima ni Ubwari, mbele ya Baraka." Nikakupungia na mukono.

Weupe ukapanda. Kumbe ukungu, na chini yake ng'ombe banakula majani.

"Bwana Kapiteni," moniteri akasema polepole, "ziwa iko nyuma yako."

Sufuria iko mugongoni sasa. Lakini ile salamu usiikatae, yaya. Ng'ombe ndio baliipokea, lakini ilikuwa yako.

Ndugu yako, Ramazani