Kikao cha Kulipima Neno "Sori" Baada ya Blauzi Kuchanwa

Mpigapasi aliambiwa na Katibu hata kabla ya kikao kufunguliwa: "Toa pini mdomoni, wewe! Hapa tunaongea na watu."

Jumanne, saa nane mchana, chumba cha kushonea.
Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi suti), Mpigapasi, Mwalimu mstaafu (mwalikwa), Bibi (Katibu).
Hakuhudhuria: Mkataji. Siku ya tisa leo, na sababu inajulikana.

KUMB. NA. 1/ BLAUZI
Mwenyekiti alieleza kwamba Mkataji aliacha mezani blauzi ya marehemu mama yake ili achukue vipimo vyake. Mpigapasi alidhani ni tambara, akachana mgongo wa blauzi apate kitambaa cha kulowesha cha kupigia pasi suruali. Mkataji alipolia, Mpigapasi alisema "sori" na pini mdomoni, mkono ukiendelea na pasi. Mkataji ametuma habari kwamba Jumamosi anahamisha cherehani yake. Miaka kumi na moja wamekaa meza moja.

KUMB. NA. 2/ NENO LENYEWE
Mpigapasi alilalamika: "Nilishasema sori, tena mara tatu. Anataka nigaregare?"

Mwalimu alifungua kamusi. Alieleza kwamba kwa Waingereza wa kale neno hilo lilitokana na neno la kidonda. Aliyelisema ndiye aliyekuwa anaumia. Baadaye likachakaa. Wakakiita kitu duni kwa neno hilohilo, wakaliombea njia, wakamwambia nalo mtu arudie wasiposikia, wakalitumia kumnyima mtu kitu kwa adabu. Sisi tunamrushia hata aliyejikwaa.

Katibu alisema yeye aliishia darasa la tatu, lakini mtumba anaujua: nguo iliyopita mikono mingi hufuliwa kwanza ndipo ivaliwe. Akauliza, "Siku ile wewe uliumia wapi, mwanangu?"

Mpigapasi alifungua droo. Alitoa humo kile kipande cha mgongo, kimefuliwa, kimenyooshwa, kimekunjwa mara nne. "Kila siku nakitoa, Bibi, nakirudisha. Namwogopa."

Mwenyekiti alifuta macho akasingizia mvuke wa pasi. Pasi ilikuwa imezimwa.

KUMB. NA. 3/ KUFUNGA
Watu waliinuka saa tisa na robo.

Sahihi: Mwenyekiti ............ Katibu ............

Agizo la Katibu: Cherehani ya Mkataji isiguswe. Mpigapasi, kesho asubuhi nenda kwake na kipande hicho, sindano na uzi. Kaa chini, mkishone naye kwenye blauzi kwa mkono mpaka mabegani, halafu useme. Pini uziache hapa.